Kadi Isiyo na Kosa

Hakuna siri ya nyumba hii inayonipita mimi. Nyingine nimezijua siku moja na majirani, na hii ninayoisimulia niliijua baada ya muuguzi, lakini zote nilizijua.

Mwanangu wa pekee watu wanamwita Nukta. Anafanya kazi kwenye duka la uchapaji, mahali wanapochapa kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, kalenda na matangazo ya vifo. Mna mashine tatu, moja inakohoa kama mzee, mna kikata karatasi chenye mpini mrefu, na mna meza ya dirishani ambapo Nukta hukaa na kalamu nyekundu. Kitu hakichapwi mpaka kipite chini ya kalamu ile. Mteja akileta "tunasikitika kuwatangazia" na herufi moja imeruka, Nukta husikitika kuliko wafiwa. Alipokuwa akichumbia, binti wa watu alimwandikia barua ya mapenzi, kurasa mbili. Alimrudishia imesahihishwa. Yule binti akakubali kuolewa hivyohivyo, na hapo nikajua tumepata mtu mwenye subira.

Mkwe wangu huyo ni fundi cherehani. Cherehani imekaa kibarazani, yeye nyuma yake, na kwa miaka sita ya ndoa ameshona sare za shule za watoto wa mtaa mzima. Wa kwake hajamshonea hata kofia, kwa kuwa hakuna kichwa cha kuivaa.

Miaka sita si mchezo. Mwaka wa kwanza watu huuliza kwa macho. Wa pili huuliza kwa mdomo. Kuanzia wa tatu hawaulizi tena, wanajibu wenyewe. Mkwe wangu alikwenda zahanati akapimwa kila kinachopimika: damu, mkojo, picha ya tumbo. Akarudi na karatasi inayosema hana kasoro, na ujumbe wa daktari kwamba sasa ni zamu ya mwenye nyumba. Akarudi pia na kikopo cha plastiki chenye mfuniko mwekundu.

Nukta alikitazama kile kikopo kama mtu aliyeletewa nge.

"Mimi si dume la mbegu nikapimwe," akasema.

Kikopo kikakaa juu ya kabati miezi mitano. Siku moja nilipanga vyombo nikakikuta kimejaa vifungo vya mashati. Mkwe wangu hapendi kitu kikae bure.

Sasa nina wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Sauti yake ingeweza kumwita mtu ng'ambo ya mto, na yule mtu akaja akiomba radhi. Jumapili moja mchana alifika, akavua viatu, akanywa maji glasi mbili, halafu akasema alichojia.

"Nukta, mwanangu, nimekutafutia msichana. Sisemi umwache huyu. Mwongeze yule. Nyumba haiwezi kukaa kimya hivi kama maktaba."

Mkwe wangu alikuwa palepale, anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua uso. Uzi uliingia mara ya kwanza, mimi nilikuwa natazama.

Nilitegemea mwanangu aseme "shangazi, mke wangu amepimwa, hana tatizo." Alianza vizuri kabisa.

"Shangazi, tatizo si la mke," akasema.

"Ni la nani? Lako?"

Hapo ndipo alipoteleza. Akasafisha koo. "Wala si langu. Ni ile chanjo."

"Chanjo gani?"

"Ya ule ugonjwa wa kuvaa barakoa. Kazini walisema kila mtu alete kadi, asiye na kadi asiingie. Nikachomwa. Tangu siku ile, shangazi, mimi si yule. Watu wanasema inaua mbegu za kiume, na mimi ni ushahidi." Akatoa kadi kwenye pochi, akaiweka mezani mbele yetu. Jina lake, tarehe, muhuri wa bluu. Safi kama imepigwa pasi.

Wifi aliipapasa ile kadi kama anapapasa kidonda. "Nani alikutuma ukachomwe?"

Nukta alinyamaza kidogo. Nami namjua mwanangu: akinyamaza kidogo ujue anatafuta mlango. "Kazini," akasema. "Na mwenzangu hapa naye alisisitiza."

Hilo lilikuwa kweli. Mkwe wangu alichanjwa wiki ya kwanza chanjo ilipofika, akarudi akamsihi mumewe aende, kwa kuwa Nukta tangu utotoni ana kifua kibovu. Alimsihi kwa mapenzi. Lakini wifi yangu hana sikio la mapenzi, ana la mashtaka tu.

"Ohoo!" akasimama. "Kumbe adui yumo ndani, anashona! Mwanamke amemhasi mtoto wetu kwa sindano ya bure!"

"Wifi, taratibu," nikasema.

"Taratibu ya nini? Mtu ng'ombe wake akihasiwa anauliza!"

Mkwe wangu akaweka sindano chini. Akamuuliza mumewe, si kwa ukali: "Unasema mimi ndiye niliyekuharibu?"

"Nasema kilichotokea," Nukta akajibu, akirudisha kadi kwenye pochi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mkwe wangu kibarazani amepiga magoti chini ya cherehani, bisibisi mkononi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natenganisha kichwa na meza, Mama. Kikiwa kizima hakiingii garini."

"Gari la kwenda wapi?"

"Kwetu. Jumamosi." Skrubu ilikuwa na kutu, akaisukuma kwa nguvu mpaka ikalia. "Kuitwa tasa nimezoea, hata sigeuki. Kuitwa nimemhasi mtu, hapana. Mwanao akisema kwa mdomo wake, mbele ya shangazi yake, kwamba si mimi, hii skrubu nairudisha. Asiposema, Mama, utakuwa unakuja kunitembelea."

Nikasema nitaongea naye. Akaniambia, "Ongea naye, lakini na mimi naendelea kufungua."

Nilimpata Nukta mezani, anakula. Nilishahesabu kwa vidole, na vidole vyangu ni vya darasa la nne lakini havikosei. Ndoa miaka sita. Chanjo miaka mitatu.

"Ile miaka mitatu ya mwanzo," nikamwuliza, "nani alikuwa anakuzuia?"

"Tulikuwa tunazoeana, Mama."

"Mimi na baba yako tulizoeana wiki moja. Wewe ndiye ushahidi."

Akainuka na sahani yake.

Kumcheka nilimcheka, lakini na mimi nilikuwa na langu kabatini. Nukta alipokuwa na miaka kumi na tisa yalimshika matubwitubwi. Mashavu yalimvimba akawa kama amebeba mayai mdomoni, na majirani wakaja kumtania, maana ni ugonjwa wa watoto. Siku ya nne utani uliisha. Homa ilipanda, na uvimbe ukashuka kule ambako mama hatazami tena mwanawe akishakua. Nilitazama. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi siku sita, yeye kageukia ukutani. Alipopona tulikubaliana mimi na yeye kwamba yalikuwa mashavu tu. Hata baba yake hakujua. Tukaifungia habari hiyo miaka kumi na mitano, tukaona tumeficha aibu.

Jumanne nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kwa daktari peke yangu. Zahanati yetu ina benchi moja refu, ukuta wa rangi mbili, ya chini ikiwa ile ya kuficha vidole vya watoto, na mizani ambayo kila mwanamke huisingizia. Daktari ni mtu mzima, mpole, ana tabia ya kukuna nyusi.

"Daktari," nikasema, "nimekuja kwa ajili ya kijana wa jirani."

"Jirani wa upande gani, Mama?"

"Wa nyuma."

"Nyuma ya kwako pana ukuta wa shule."

"Basi ni mwalimu," nikasema. Akakuna nyusi, akaniacha niendelee.

Nikamweleza. Akauliza umri, nikamtajia. Akauliza kama yalivimba mashavu tu.

"Mashavu," nikasema, "na ghorofa ya chini."

Hakucheka, na nilimheshimu kwa hilo. Alinieleza polepole. Alisema matubwitubwi yanaletwa na virusi, na yakimpata mtoto mdogo mara nyingi hupita yakaisha. Yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe, kwa baadhi yao wale virusi huingia kwenye korodani zikavimba. Si wote. Na hao wanaovimba, wengi ni upande mmoja, na bado huzaa. Wengine mbegu hupungua. Wachache, wachache sana, hukauka.

"Mwalimu wako yuko fungu gani sijui," akasema. "Uvimbe hausemi. Kikopo ndicho kinachosema."

"Na chanjo? Ile ya barakoa. Wanasema inahasi."

"Wanasema. Wanaume wamepimwa mbegu kabla ya kuchanjwa na baada ya kuchanjwa, zikahesabiwa. Hazikupungua. Homa ya ugonjwa wenyewe ndiyo inaweza kuzipunguza, miezi miwili mitatu, kisha zinarudi. Chanjo imesingiziwa." Akafunga kalamu yake. "Na nikuambie jambo jingine. Matubwitubwi nayo yana chanjo. Hupewa watoto, katika nchi ambako ipo. Kijana huyo angeipata utotoni, leo usingekuwa hapa na jirani yako."

Hilo liliniuma. Nikainuka. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama. Mficha uchi hazai."

Methali hii nimeisikia tangu nikiwa msichana, nikidhani ni ya kuhimiza watu waombe msaada. Siku ile ndiyo nilijua kwamba inaweza pia kumaanisha inachosema.

Nikarudi nyumbani nikasema yote, mbele ya wote, wifi akiwepo, kwa kuwa tangu Jumapili alikuwa hajaondoka. Nilisema mashavu, nilisema ghorofa ya chini, nilisema siku sita za kitambaa. Nukta aliwaka uso kama taa ya nyuma ya gari.

"Mama! Mambo hayo ni ya zamani!"

"Mbegu zako nazo si za leo asubuhi."

Wifi akapiga makofi mara moja. "Matubwitubwi! Nani hajaugua matubwitubwi? Mimi niliugua na nina watoto saba. Unamtetea mkwe wako, wifi. Huyu mtoto alikuwa dume kamili mpaka alipochomwa."

"Wewe ulijuaje kama alikuwa kamili?"

"Nilikuwa namwona anavyotembea!"

Nukta akaidaka kamba hiyo. "Ndiyo, Mama. Mimi nilipona kabisa. Ni chanjo. Kadi ninayo." Akapiga mfuko wa pochi. Mkwe wangu alimtazama, akaenda kibarazani. Tulisikia skrubu ya pili ikidondoka kwenye sahani ya bati.

Aliyeharibu mpango wa Nukta ni mtetezi wake mwenyewe. Wifi yangu akisikia ushahidi upo hawezi kulala. Aliamua kwamba Ijumaa twende wote zahanati, kadi mkononi, daktari aandike kwa mkono wake kwamba chanjo imemharibu mtoto wa watu, na karatasi hiyo isomwe mbele ya wazazi wa binti kabla hajarudi kwao, ili wajue aliyevunja nyumba ni nani. Nukta alisema ana kazi nyingi. Wifi akamjibu kwamba kadi za harusi za watu zinaweza kungoja siku moja, ya kwake imevunjika. Nukta akasema kichwa kinamuuma. Wifi akasema vizuri, tunakwenda hospitali.

Tukaenda wanne. Daktari alikuwa na mgonjwa, akatupokea muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wifi alieleza kesi kwa sauti ambayo benchi zima lilifaidika nayo. Muuguzi hakubishana. Alisema mtu akilalamika kuhusu chanjo ni haki yake, na yeye lazima aandike namba ya kadi kwenye daftari, ndiyo utaratibu.

"Mpe kadi," wifi akasema.

"Nadhani nimeisahau," Nukta akasema.

"Iko mfukoni, umeipiga kofi tangu juzi!"

Akaitoa. Muuguzi akavaa miwani, akaandika jina, akaandika tarehe. Halafu kalamu ikasimama. Akaigeuza kadi nyuma, akaigeuza mbele. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii kadi si yetu."

"Si yenu vipi?" wifi akasema. "Muhuri huo hapo!"

"Muhuri nauona, mama. Lakini kadi si yetu."

Nukta, ambaye tangu tuingie alikuwa akitazama sakafu, akainua kichwa. Kama angenyamaza tu. Lakini mtu akiguswa kwenye ufundi wake hawezi kunyamaza.

"Dada, itazame vizuri. Hiyo kadi haina kosa hata moja."

"Ndiyo shida yake, kaka," muuguzi akasema. "Zetu zina kosa."

Akavuta droo. Ilikwama, akaipiga goti, ikafunguka. Akatoa bunda la kadi zilizobaki, akaweka moja kando ya ile ya Nukta. Karatasi ileile, mistari ileile, nembo ileile.

"Soma wewe, wifi, sina miwani," dada wa mume wangu akaniambia.

Nikasoma kwa kidole, kama nilivyofundishwa. Ya Nukta: KADI YA CHANJO. Ya zahanati: KADI YA CHANZO.

"Chanzo cha nini?" wifi akauliza.

"Cha chochote unachotaka, mama," muuguzi akasema. "Zilichapwa mbali, zikaja maboksi ishirini, zote na hiyo zeti. Kuzirudisha hakukuwa na muda, watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Tukasema twende hivyohivyo. Kila mtu aliyechanjwa hapa ana Chanzo. Sijawahi kuona yenye jei mpaka leo."

Mkwe wangu alifungua mkoba wake bila haraka. Kadi yake ilikuwa imekunjika pembe, ina doa la mafuta ya cherehani. Aliilaza mezani pamoja na zile mbili. Chanzo.

Sikuhitaji kuelezwa. Nilimwona mwanangu kwenye meza ya dirishani, wenzake wameshaondoka kwenda kula, amechukua kadi ya mkewe aiige. Jina anaweka lake. Nembo anaipata sawasawa. Halafu anafika kwenye ile zeti. Mtu mwingine yeyote angeiacha. Yeye mkono wake ulisahihisha kabla hajauuliza. Aliweza kuwadanganya tajiri wake, mke wake, shangazi yake na mimi niliyemzaa, lakini kuchapa neno lenye kosa hakuweza.

"Nukta," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake haikuvuka meza. "Hukuchanjwa?"

"Nilichanjwa!"

"Na hii?"

"Ile ya kwanza ilipotea, shangazi. Nikajichapia nyingine ili nisisumbue watu. Kadi ni ya kuchapa, sikatai. Lakini sindano ilikuwa ya kweli. Ilikuwa hapahapa, kwenye kiti kile." Akaonyesha kiti. Mzee aliyekuwa amekikalia akasogea kidogo.

Muuguzi akasema daftari la mwaka ule lipo, anaweza kulileta, ni suala la kupanda ngazi. Nukta akasema asijisumbue, ngazi zenyewe zinaonekana mbovu. Daktari naye alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, anakuna nyusi.

Mkwe wangu ndiye aliyeongea. Hakumtazama shangazi wala daktari.

"Baba Nani," akamwita. Ndivyo alivyomwita tangu waoane, kwa mzaha, kwamba jina la mtoto litajazwa baadaye. "Nikuulize kitu kimoja tu. Ulichomwa mkono gani?"

"Wa kushoto," akajibu upesi, akalishika bega lake kabisa ili tuone. "Hapa. Uliniuma siku tatu, hata wewe unakumbuka, ulinikanda kwa maji ya moto. Nilikuwa siwezi kuinua kalamu."

"Nakumbuka," mkwe wangu akasema. "Siku tatu, asubuhi na jioni. Niliacha sare za watu nikukande." Akachukua kadi yake mezani, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akairudisha kwenye mkoba. "Nilikukanda wa kulia."

Mkono wa Nukta ukatoka bega la kushoto, ukaenda la kulia, ukarudi katikati ya kifua, ukakosa pa kukaa.